Maji Yanaishia Wapi? Somo la Udongo Kutoka Ras al Jinz

Kasa anapopanda ufuko wa Ras al Jinz usiku, adui wake wa kwanza ni mchanga mkavu. Huufagia kwa mapezi ya mbele mpaka mwili wake uzame kwenye kishimo, kisha kwa mapezi ya nyuma huchimba chini zaidi, shimo jembamba la zaidi ya nusu mita, na humo hutaga mayai yapatayo 100. Akikosa kuufikia mchanga wenye unyevu, kuta za shimo humwagikia ndani kila anapochimba, na mara nyingi huacha kazi akarudi baharini bila kutaga. Mchanga wa juu na wa chini ni wa aina moja na chembe ni zile zile. Kinachoutofautisha ni maji kidogo yaliyo kati ya chembe na chembe.

Watu huja hapa, kwenye ncha ya mashariki kabisa ya Rasi ya Arabuni, kumtazama kasa, na hifadhi iliyowekwa mwaka 1996 kwa amri ya Sultani ipo kwa ajili yake. Mimi nakuomba leo utazame mchanga. Mwenye bustani Sur, mwenye shamba Ibra, au mwenye ua wenye minazi miwili iliyodumaa anayetaka kujua imekosa nini, anaweza kuanzia kwenye shimo la kasa na kufika mbali. Wengi wetu hapa Sharqiyah, mashariki ya Oman, huanza na mbolea. Tunanunua mifuko, tunamwaga, tunangoja, kisha tunasema udongo wa Oman hauna heri. Kwa maoni yangu tumeshika kamba upande usio wake. Udongo wa nchi kavu huulizwa kwanza habari ya maji: yanaingiaje, yanakaa wapi, na yakimalizika yanaishia wapi.

Tuanze na chembe. Chukua jiwe lenye umbo la dadu, kila upande sentimita 1. Nyuso zake sita kwa jumla ni sentimita 6 za mraba. Likate liwe vijidadu vya milimita 1. Unapata vijidadu 1,000, na nyuso zao zikijumlishwa ni sentimita 60 za mraba. Hukuongeza jiwe hata punje, lakini uso umezidi mara 10. Endelea kukata mpaka kila kijidadu kiwe na upana wa sehemu moja ya elfu ya milimita, na nyuso zote pamoja zinafika mita 6 za mraba. Hayo ni mambo ya hesabu tu, wala hayahitaji maabara. Wataalamu huita mchanga chembe zenye upana wa kuanzia milimita 2 kushuka hadi 0.05. Chini ya milimita 0.002 ni mfinyanzi. Zilizo katikati ni tope laini, lile linaloteleza kati ya vidole kama unga.

Kwa nini uso una maana kubwa hivyo? Kwa sababu maji hayakai ndani ya chembe, hukaa juu ya uso wake. Molekuli za maji hushikana zenyewe kwa zenyewe na hushikamana na jiwe. Mahali chembe mbili zinapokaribiana, maji hujikunja kwenye kona ile na kuzivuta zikaribiane zaidi. Mvuto huo ndio unaosimamisha ukuta wa shimo la kasa. Mchanga mkavu hauna maji ya kuuvuta, na mchanga uliojaa maji tele hauna kona za kuvutia kwa kuwa nafasi zote zimefurika. Kote kuwili ukuta huanguka. Mchanga husimama ukiwa na unyevu wa kati tu, na mizizi ya mimea mingi inaishi vizuri katika hali hiyo hiyo, kwa kuwa inahitaji maji na hewa kwa pamoja.

Uso mwingi, maji mengi. Udongo wa mchanga wenye kina cha mita 1 huweza kumwekea mmea akiba ya maji ya milimita 60 hadi 80. Udongo wa tifutifu, wenye mchanganyiko mzuri wa mchanga, tope laini na mfinyanzi, huweka zaidi ya milimita 150. Tuzitumie namba hizi. Nyanya yenye mizizi ya kina cha nusu mita ikiwa kwenye mchanga ina akiba ya milimita 35 hivi. Siku ya joto kali huko bara, bustani hupoteza kama milimita 8 kwa jua na upepo. Akiba yote ingetosha siku nne, lakini mmea huanza kuteseka nusu yake ikiisha, kwa hiyo zimebaki siku mbili. Kwenye tifutifu, nyanya ile ile inavumilia siku tano.

Sasa iweke hesabu hiyo kwenye falaji, mfereji wa jadi wa kumwagilia mashamba. Maji ya falaji hayaji unapotaka, huja kwa zamu. Mwenye shamba ana athari zake, na kila athari ni karibu nusu saa ya maji. Zamani athari zilipimwa kwa kivuli mchana na kwa nyota usiku, na zamu humrudia mwenye shamba baada ya siku saba, kumi au zaidi. Nyanya iliyo kwenye mchanga mtupu haiwezi kungoja siku kumi. Mtende unaweza, kwa kuwa mizizi yake hushuka mita moja na nusu, mbili na zaidi. Katika tifutifu ya mita mbili kuna milimita 300 za maji, nusu yake ni 150, nayo inamtosha mtende kupita zamu nzima na siku za ziada. Watu husifu uhandisi wa Falaj Daris ya Nizwa au Falaj al-Jeela ya Sur, ambazo pamoja na nyingine tatu ziliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006, na sifa hizo ni haki yake. Lakini mfereji ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni udongo ulio chini ya mitende, uliojengwa kwa mikono, kizazi baada ya kizazi, kwa tope la mafuriko ya wadi, yaani mito ya msimu, na kwa samadi ya mbuzi na ng'ombe, mpaka ukawa na kina cha kuweka akiba inayolingana na zamu. Bila udongo ule, mfereji ungepeleka maji kwenye chujio.

Ukifika hapa utadhani mfinyanzi ni bora na mchanga ni hasara. Katika nchi ya mvua hiyo ni kweli kiasi. Katika nchi kavu, mambo hugeuka, na hapa ndipo somo linapokuwa tamu.

Rudi ufukweni. Juu mchanga ni mkavu na mchana unaunguza nyayo. Chini kidogo una unyevu. Jua linapiga siku nzima, upepo wa kusi unavuma miezi ya kiangazi, na bado unyevu ule haujakauka. Sababu ni upana wa vijia kati ya chembe. Maji hupanda kwenye kijia chembamba kwa mvuto ule ule wa uso, na hupanda juu zaidi kadiri kijia kinavyozidi kuwa chembamba. Kijia chenye upana wa milimita 1 huyanyanyua sentimita 3 tu. Cha milimita 0.1 huyafikisha sentimita 30. Cha milimita 0.01, ambacho ni cha tope laini, huyapandisha karibu mita 3. Mchanga wa juu ukishakauka, nyuzi za maji zinakatika na vijia vyake vipana haviwezi kuziunga tena. Kuanzia hapo maji hayatoki ila kwa mvuke unaopenya taratibu kwenye hewa iliyo kati ya chembe. Tabaka kavu limekuwa kifuniko.

Tope laini na mfinyanzi havijifuniki hivyo. Huendelea kunyonya maji kutoka chini na kuyapeleka juani. Tena mvua ndogo ya milimita 10 ikinyesha juu ya mfinyanzi huloweka sentimita chache za juu, na wiki haiishi imerudi hewani. Ikinyesha juu ya mchanga huzama chini mbali na jua. Kwa hiyo mahali penye mvua ya milimita 100 hivi kwa mwaka, kama pwani hii ya Sur na Ras al Hadd, mchanga huweza kuwa mtunzaji mzuri wa maji kuliko mfinyanzi. Ukitaka ushahidi, nenda Bidiyah, pembezoni mwa Mchanga wa Sharqiyah. Mighafu, miti ya jangwani, husimama ikiwa kijani penye vilima vya mchanga, na mizizi yake hushuka makumi ya mita. Mghafu hautafuti rutuba juu; unafuata maji yalikokwenda.

Lakini maji hayasafiri peke yake. Yana mzigo, nao ni chumvi.

Maji yakigeuka mvuke, chumvi hubaki. Hili kila mtoto wa pwani analijua. Kinachosahaulika ni ukubwa wa hesabu. Chukua kisima ambacho maji yake yana gramu 1 ya chumvi kwa lita. Ukiyanywa utasema ni mazito kidogo, lakini hutayatema. Visima vingi vya pwani vimezidi hapo. Bustani ya mwaka mzima ikipewa milimita 1,500 za maji hayo, kila mita ya mraba imepokea lita 1,500, na pamoja nazo kilo moja na nusu ya chumvi. Bustani ya mita 10 kwa 10 imepokea kilo 150. Hayo ni magunia matatu ya kilo 50 yaliyomwagwa kwenye ua wako kila mwaka, nawe uliyemwaga ulidhani unamwagilia nyanya. Ndimu za achari hunywea kwenye chupa kwa sababu maji hutoka penye chumvi kidogo kwenda penye chumvi nyingi. Mzizi uliozungukwa na maji ya chumvi unapambana na nguvu hiyo hiyo. Udongo unaweza kuwa umelowa chapachapa na mmea ukawa na kiu.

Ukitaka kuona mwisho wa njia hiyo, tazama sabkha, yaani uwanda wa chumvi, yoyote ya pwani. Maji ya chumvi yapo chini karibu, tope lake laini huyapandisha, jua huyachukua, na juu pamebaki ukoko mweupe. Mchanga wa chembe kubwa ukiwa umbali ule ule kutoka kwenye maji hayo hauyapandishi, kwa kuwa vijia vyake ni vipana. Kwa hiyo viwanja viwili vilivyo hatua chache kutoka kimoja hadi kingine huweza kuwa na hatima mbili, na mbolea haina la kufanya hapo.

Basi tufanye mizani ya chumvi kama anavyofanya mfanyabiashara mwangalifu. Kinachoingia kisipotoka, hukaa. Mmea hauchukui chumvi nyingi, na jua halichukui kabisa. Njia ya kutokea iliyobaki ni moja: maji ya ziada yanayopita chini ya mizizi na kwenda nayo. Ikiwa sehemu moja ya saba ya maji unayomwagilia inapita chini, maji yanayotoka yatakuwa na chumvi mara saba ya yale yaliyoingia, na hapo mizani inasimama. Ukimwagilia kwa ubahili, kiasi cha kulowesha juu tu, hakuna kinachotoka. Bustani nyingi za nyumbani zenye mipira ya matone hufa hivi, kidogo kidogo, mwenyewe akijisifu kwamba hapotezi maji.

Chumvi hupimwa kwa kupitisha umeme kwenye maji, na jibu huja kwa desisimensi kwa mita. Kifaa chake ni kidogo, kinaingia mfukoni. Gramu 1 kwa lita ni kama desisimensi moja na nusu, na maji ya bahari hufika 50 hivi. Udongo nao hupimwa kwa kulowekwa mpaka uwe uji, kisha maji yake yakachujwa. Kwa kipimo hicho, maharage huanza kupoteza mazao udongo ukizidi desisimensi 1. Nyanya huvumilia mpaka 2.5, mtende mpaka 4, shayiri mpaka 8. Kwa maji yale ya 1.5, kanuni ya wahandisi wa umwagiliaji inataka mtende upewe kama asilimia 8 ya ziada ili kuosha chumvi, nyanya asilimia 14. Maharage yanadai asilimia 43. Ukiyapanda Ras al Hadd kwa maji ya kisima cha pwani, jua kwamba karibu nusu ya maji yako ni ya kuoshea.

Ndiyo maana napenda kutazama mpangilio wa mashamba ya falaji. Mitende iko juu, karibu na mdomo wa maji. Chini, mkiani, kuna ardhi ya msimu waiitayo awabi, inayolimwa ngano, vitunguu au majani ya mifugo maji yakiwa mengi, na kuachwa wazi mwaka wa ukame. Kinachodumu kimewekwa mahali ambapo maji hayakosekani. Kinachoweza kuachwa kimewekwa maji yanapoishia. Waliopanga hivyo hawakuwa na kifaa cha desisimensi.

Sasa tuje kwenye chokaa, na hapa nawaomba ndugu zangu wenye asili ya Unguja na Pemba wanisikilize, maana ndipo tunapojidanganya zaidi. Wazee wetu waliotoka Ibra, Sur na Mudhaibi kwenda huko walikuta visiwa vyenye mvua zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka. Mvua hiyo kwa maelfu ya miaka iliosha chokaa na chumvi ikazipeleka baharini, ikabakiza udongo mwekundu wenye chuma na uchachu, ambao mkarafuu ukaupenda. Wakulima wa kule wana majina yao: kichanga, kinongo, kinamo, na uwanda wa maweni ambako udongo ni mchache juu ya jiwe la matumbawe. Waliorudi Oman kuanzia miaka ya 1960 na 1970 walirudi na macho hayo. Udongo mwekundu waliusifu, mweupe wakaudharau. Jicho lile linafaa Pemba. Hapa Sharqiyah hakuna mvua ya kuosha chochote, kwa hiyo chokaa ya majabali na ya makombe ya bahari imebaki ilipo, na rangi haikuambii mengi. Kama unataka ndugu wa karibu wa Ras al Jinz kule visiwani, usitafute shamba la mikarafuu. Nenda Makunduchi, kwenye maweni.

Chokaa hufanya nini? Hushikilia pH ya udongo karibu na 8. Katika hali hiyo chuma kipo tele ardhini lakini kimegeuka kutu isiyoyeyuka. Kila pH inapopanda hatua moja, chuma kinachoyeyuka hupungua kama mara elfu. Midimu na michungwa huonyesha njaa hii mapema: majani machanga yanakuwa ya manjano na mishipa yake inabaki kijani. Tazama vizuri, kwa sababu majani ya zamani yakiwa ndiyo yanayoanza kuwa manjano, tatizo huwa jingine, mara nyingi naitrojeni. Na mdimu ukitoa vishada vya vijitawi vingi vyembamba vyenye majani madogo, usilaumu udongo. Huo ni ugonjwa uliokwisha kuua midimu mingi ya Oman tangu miaka ya 1970, nao husambazwa na wadudu.

Mtu atakwambia umwage salfa ili uvunje chokaa. Tufanye hesabu kabla hatujafungua mkoba. Mita moja ya mraba ya udongo kwa kina cha sentimita 30 ina uzito wa kilo 420 hivi. Ukiwa na chokaa asilimia 40, na mchanga wa pwani huweza kuzidi hapo, hiyo ni kilo 168 za chokaa. Kila kilo 100 za chokaa zinahitaji kilo 32 za salfa kuzimaliza. Kwa hiyo unahitaji kilo 54 za salfa kwa kila mita ya mraba, na upepo na maji vitakuletea chokaa nyingine. Huwezi kushindana na jabali. Kinachowezekana ni kubadili mahali padogo, shimo la mti mmoja, kwa samadi iliyooza vizuri, na kumpa mdimu chuma kilichofungwa kwenye kiungo kisichoachia katika chokaa. Wauzaji wa pembejeo hukijua, na ni ghali. Chuma cha kawaida cha bei rahisi kitageuka kutu ndani ya siku chache. Au panda mtende, mkomamanga au mtini, miti ambayo haina ugomvi na chokaa.

Samadi nayo ionje kwanza, yaani ipime. Mbuzi wanaokunywa maji ya chumvi hutoa samadi ya chumvi. Ioshe kwa maji matamu au iache ipigwe na mvua ikipatikana.

Ukiingia bara, mama wa udongo hubadilika. Kuzunguka Ibra na Izki kuna milima ya mawe meusi, sehemu ya sakafu ya bahari ya kale iliyopandishwa juu ya nchi kavu, ambayo wanajiolojia wa dunia nzima huja kuitazama. Mawe hayo yana magnesiamu nyingi na kalsiamu kidogo, pamoja na nikeli na kromu. Udongo uliotoka humo ni maskini kwa namna yake, na jasi, ambayo ni salfeti ya kalsiamu, huweza kuusaidia. Mashamba mazuri ya huko yako kwenye mashapo ya wadi, ambako mawe ya chokaa na mawe meusi yamechanganyika. Ndiyo sababu ushauri wa jirani wa Nizwa usiuhamishe mzima mzima mpaka Sur.

Basi jifanyie vipimo mwenyewe. Chimba shimo la kina cha sentimita 60 na utazame kuta zake: mizizi imefika wapi, kuna tabaka jeupe gumu, kuna unyevu. Jaza maji, yaache yaishe, jaza tena na upime yanashuka kiasi gani kwa saa moja. Yakishuka kwa sentimita moja tu, chumvi itatoka kwa shida. Yakitoweka yote kabla hujamaliza kutazama, utalazimika kumwagilia mara nyingi, kidogo kidogo, na kuosha mara moja moja kwa maji mengi.

Kipimo cha chupa ni kizuri zaidi kuliko watu wanavyodhani. Jaza theluthi moja ya udongo kwenye chupa ya kioo, weka maji na tone la sabuni, tikisa sana, kisha iweke mezani. Chembe ndogo zinachelewa kuzama: punguza upana mara 25, na muda unazidi mara 625. Chembe ya milimita 0.05 hushuka sentimita 10 kwa sekunde 45 hivi, na ya milimita 0.002 huchukua karibu saa nane. Kwa hiyo kilichotuama ndani ya dakika moja ni mchanga, kilichotuama kuanzia hapo hadi jioni ni tope laini, na kinachoelea kesho yake ni mfinyanzi. Katika Sharqiyah kuna hila moja. Kalsiamu na chumvi hugandisha chembe za mfinyanzi pamoja, zikazama haraka na kukudanganya kuwa huna mfinyanzi. Osha udongo kwa maji matamu mara mbili kabla ya kupima. Na ukiona, bila sabuni, maji ya chupa yanabaki machafu kwa siku mbili au tatu, shuku sodiamu: udongo huo hufunga vijia vyake ukilowa, na jasi ndiyo dawa yake.

Siki nayo ina kazi. Dondoshea udongo mkavu matone machache. Ukichemka kwa povu, kuna chokaa, na Ras al Jinz utachemka takribani popote utakapodondoshea.

Ras al Jinz yenyewe haikuwahi kuwa mahali pa shamba. Wanaakiolojia waliochimba hapo kuanzia miaka ya 1980, wakiongozwa na Serge Cleuziou na Maurizio Tosi, walikuta makazi ya zaidi ya miaka 4,000 iliyopita, yenye mifupa ya samaki na kasa, vipande vya lami ya mashua na vyungu kutoka bonde la Indus. Watu wale walikula bahari. Tende na nafaka zililimwa bara, kwenye mashapo ya wadi. Ufuko ni wa kasa hata leo, na kuchota mchanga wake kwa ajili ya bustani ni haramu kisheria na hasara kwa mmea. Anayeishi karibu na hapo na anataka mboga, ajenge matuta yaliyoinuka yenye udongo wa wadi na samadi iliyooshwa, ayafunike kwa makuti, aache njia ya maji kutokea chini, na ayawekee kizuizi upande wa bahari, kwa sababu kusi hubeba chumvi hewani.

Kazi hiyo ianze Oktoba, joto linapopungua. Na kabla hujalipia lori la udongo au mfuko wa mbolea, peleka chupa moja ya maji ya kisima chako yapimwe chumvi. Yakizidi desisimensi 3, sahau maharage, fikiria mtende na shayiri.